Ndege Inapungua, Hewa Haipungui

Hotuba kwa vijana wa karakana ya ndege ndogo, Arua, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kukalia madawati ya wanafunzi asubuhi hii, walimu, mama zangu mlio kule nyuma, na ninyi vijana ambao ndio wenye mkutano: asanteni kwa kunialika Arua. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa kuwa humu ukumbini kuna Walugbara, Wakakwa, Waalur, Wamadi na Wanubi, na hii ndiyo lugha inayotukusanya. Nami nimefurahi, maana kazi yangu ya ufundi niliisikia kwanza kwa Kiswahili, hangani Soroti, kwenye chuo cha urubani kilichoanza mwaka 1971 kuihudumia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini mzee aliyesimama nyuma yangu na kusema "shika hapo, usilegeze" alisema kwa Kiswahili.

Barua yenu ilikuwa fupi. Mlisema mnataka kujenga ndege ndogo ya umeme inayoongozwa kwa rimoti, mfano wa ndege halisi iliyopunguzwa, na mkauliza: tuanze kununua nini? Nimelifikiria swali hilo njia nzima ya kuja huku. Jibu langu ni mizani. Mizani ya jikoni, ile ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Msinunue mota, msinunue rimoti, wala gundi, mpaka mizani iwe mezani na karatasi ya hesabu iwe pembeni yake. Nitatumia muda wangu kueleza kwa nini, na mtanivumilia nikikaa sana kwenye tarakimu, kwa sababu humo ndimo ndege inamookoka au kuangamia.

Tuchague kwanza ndege tunayoiiga. Najua vijana wengi hapa wangependa Sukhoi za jeshi letu, na wengine wameniletea picha ya Spitfire ya Waingereza. Ni ndege nzuri. Lakini kwa mara ya kwanza nawaomba mtazame ile ambayo watu wa Uganda tunaijua kwa sauti kabla hatujaiona: Cessna Caravan, bawa juu, magurudumu yasiyokunjwa, tumbo pana, pua ndefu. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1982, na hadi leo ndiyo inayotua kwenye viwanja vya vumbi na majani ambako ndege kubwa hazithubutu. Kwa mjenzi ina sifa tatu zisizoonekana haraka. Kiwiliwili chake ni kama sanduku, kwa hiyo kinaweza kukunjwa kwa karatasi nene bila ufundi wa kuchonga. Bawa likiwa juu, ndege inajirudisha yenyewe ikiyumba. Na ile pua ndefu inatupa nafasi ya kusogeza betri mbele au nyuma mpaka ndege ikae sawa. Hilo la tatu mtanishukuru siku ya kwanza ya kurusha.

Caravan halisi ina upana wa mabawa wa mita 15.87 na urefu wa mita 11.46. Eneo la bawa ni karibu mita za mraba 26. Uzito wa juu kabisa inaporuka ni kilo 3,629. Shikeni hizo namba nne.

Sasa nawauliza jambo ambalo mwalimu wenu wa fizikia analijua. Ukichukua mche wa sabuni wenye umbo la mchemraba, kila upande sentimita 10, kisha ukakata mwingine wa sentimita 5, upande umepungua nusu. Lakini uso wake umebaki robo, na uzito wake umebaki sehemu moja ya nane. Uzito unakimbia kushuka kuliko eneo. Kwa ndege hii ni habari njema: kadiri unavyoipunguza, kila kipande cha bawa kinabeba mzigo mdogo zaidi. Ndiyo sababu mende hahitaji uwanja wa ndege.

Basi tupunguze Caravan kwa skeli ya 1:12. Upana unakuwa sentimita 132, urefu sentimita 95 na nusu. Eneo la bawa tunaligawa kwa 12 mara 12, yaani 144, tunapata mita za mraba 0.18. Uzito tunaugawa kwa 12 mara 12 mara 12, yaani 1,728. Kilo 3,629 zinakuwa kilo 2.1.

Hapo watu wengi hufunga daftari. Wanasema: ndege halisi inaruka na uzito wake, yangu nimeipunguza kwa haki, kilo 2.1 ni halali. Nami nilisema hivyo hivyo. Mwaka 2014, mwanangu alipokuwa darasa la sita, tulijenga ndege nyuma ya nyumba kwa boksi nene, mbao za plaiwudi na gundi ya maji. Tuliipenda. Tuliipaka rangi mara tatu. Sikuipima hata mara moja mpaka siku ya kurusha, na ilipofika kwenye mizani ya duka ilisoma kilo 1.7, juu ya bawa la mita za mraba 0.16. Iliruka. Iliondoka mkononi, ikapanda kidogo, nikaigeuza kushoto ili isiende barabarani, na kwenye ile kona bawa la kushoto liliachia hewa, yaani halikubeba tena. Ilizunguka nusu na kuingia shamba la mihogo kwa pua. Miezi minne ya kazi ilikwisha kabla mtoto hajamaliza kupiga makofi. Alinitazama, akaniuliza: baba, tulikosea wapi? Sikuwa na jibu siku ile. Nilikuwa fundi wa ndege kubwa kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu kwa mtoto.

Jibu nililipata baadaye, nalo ndilo nililoleta Arua. Tunapopunguza ndege, hewa haipungui pamoja nayo. Chembe za hewa ni zile zile, upepo ni ule ule, uwanja ni ule ule, na macho na vidole vya anayeongoza ni vile vile. Mzigo wa bawa unaposhuka nusu, mwendo unaohitajika haushuki nusu; unashuka kwa kipeuo cha pili tu, yaani kutoka 10 unafika 7. Ndege yako ni ndogo mara 12, lakini bado inadai mbio ambazo kwa udogo wake ni za kutisha. Kwa hiyo uzito ni lazima tuupunguze kuliko skeli inavyotuambia. Mimi nataka Caravan yenu iwe gramu 900. Chini ya nusu ya zile kilo 2.1.

Na kwa Arua kuna neno la ziada. Mji huu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ya hapa ina uzito wa kilo 1 hivi. Ramani nyingi za kujengea ndege mnazoziona zimechorwa na watu wa nchi za chini, ambako hesabu huanza na kilo 1.225. Tumepungukiwa kama asilimia 18 ya hewa kabla hatujaanza. Nimepiga hesabu kwa bawa letu la 0.18: ndege ya gramu 900 pwani ingeachia hewa kwenye kilomita 31 kwa saa. Hapa ni 34. Mkiijenga kwa kilo 2.1, hapa Arua itadai zaidi ya kilomita 50 kwa saa ili tu isianguke.

Namba hizo zina maana gani kwa mtu anayeirusha kwa mkono? Joshua Cheptegei alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35, mwendo wake wa wastani ulikuwa karibu kilomita 24 kwa saa. Shujaa wetu angeishika ndege yenu mkononi akakimbia kwa mbio zile, bado ingebaki kilomita 10 za kukamilisha. Hizo tunaziomba kwa upepo wa mbele, kwa msukumo wa mkono na kwa mota. Gramu 900 zinawezekana. Kilo mbili hakuna mkono utakaozirusha salama.

Kijana mmoja hapa mbele ananiuliza kwa nini tusifanye skeli ya 1:14, iwe ndogo na nyepesi zaidi. Swali zuri, na ndilo kosa linalovutia sana. Betri, mota, servo, yaani vile vimota vidogo vinavyopinda usukani wa mabawa na mkia, na kipokezi cha rimoti havipungui. Ukishuka hadi 1:14, bawa linabaki mita za mraba 0.13 lakini mzigo wa umeme ni ule ule, na unaishia na ndege ndogo yenye haraka zaidi. Skeli tunaichagua kwa kuanzia kwenye vitu ambavyo hatuwezi kuvibadilisha. Kwenu viko viwili: betri mtakayoipata, na ukubwa wa karatasi.

Karatasi, ndiyo. Naongelea foamubodi, ile ya maduka ya vifaa vya ofisi, povu katikati na karatasi pande zote mbili. Saizi ya A1 ni sentimita 84 kwa 59. Nusu ya bawa letu ni sentimita 66. Inaingia vizuri bila kuungwa. Tena kwa kuwa bawa huwa jembamba kuelekea ncha, mkilaza nusu moja hivi na nyingine kichwa chini, zote mbili zinatoka kwenye karatasi moja, juu na chini yake zikikunjwa pamoja. Kiwiliwili cha sentimita 95 hakiingii, lazima kiungwe. Kiungeni nyuma ya bawa, mahali ambapo mikazo ni midogo, na kiraka kipite ndani sentimita 6 kila upande.

Lakini kabla ya kulipa, pimeni. A1 ni nusu mita ya mraba, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Ngozi ya bawa, juu na chini, inahitaji mita za mraba 0.36. Karatasi ikisoma gramu 150 kwenye mizani, ngozi itakuwa gramu 108. Ikisoma gramu 300, na zipo nyingi za namna hiyo, ngozi peke yake ni gramu 216, hata mhimili, ule ufito wa ndani unaolishika bawa, haujaingia. Kwa macho zinafanana. Kwa vidole zinafanana. Muuza duka atakushangaa ukitoa mizani mfukoni, mwache ashangae. Ikiwa mmeipata nzito tu, chuneni karatasi ya upande wa ndani kwa kitambaa chenye maji, na mpime tena.

Sasa bajeti yenyewe. Nitaisoma taratibu, andikeni. Betri ya lithiamu polima ya seli tatu, ya milliampea-saa 2,200: gramu 185. Mota isiyo na brashi pamoja na propela na kishikizo chake: 80. Kidhibiti mwendo cha ampea 30: gramu 30. Servo nne ndogo za gramu 9, mbili za mabawa na mbili za mkia: 36. Kipokezi 10. Waya na plagi 20. Magurudumu na miguu yake 70. Jumla yake ni gramu 431, na bado hatujakata karatasi hata moja. Zimebaki 469. Bawa lipewe 210, kiwiliwili 170, mkia 50. Gundi, tepu na rangi zigawane 39 zilizobaki.

Tazameni hiyo ya mwisho. Gramu 39 kwa gundi, tepu na rangi. Ndege yetu ya mihogo ilikuwa na rangi nzito kuliko hiyo. Nashauri Caravan yenu ibaki nyeupe kama karatasi ilivyo, na mistari muifanye kwa tepu ya rangi. Na kila kipande kikikamilika kipimwe siku hiyo hiyo, uzito uandikwe ukutani kando ya ule uliopangwa. Mkia ukizidi gramu 10, msiseme "ni gramu 10 tu". Mkia uko mbali na kitovu cha uzito, karibu mara mbili au tatu ya umbali wa pua. Gramu 10 za mkiani zinaweza kudai 20 au 30 za madini ya risasi puani, na hizo zote bawa litazibeba.

Nije kwenye umeme, maana ndio uliowavuta wengi wenu. Ndege ya rimoti inayoendeshwa kwa umeme si jambo la jana. Tarehe 30 Juni 1957, Kanali Taplin wa Uingereza aliirusha ndege yake, Radio Queen, kwa mota ya umeme na betri za fedha na zinki. Kilichobadilika tangu siku zile ni uzito wa betri na kuondoka kwa brashi ndani ya mota. Fizikia yake ni ile ile.

Kanuni tunayoitumia ni wati kwa kilo. Ndege tulivu ya mafunzo inataka kama wati 150 hadi 200 kwa kila kilo. Yetu ya gramu 900, tuipe 180. Seli tatu zina volti 11.1 za wastani. Gawanya, unapata ampea 16. Ndiyo maana nikataja kidhibiti cha 30, kiwe na nafasi ya kupumua. Mota ya mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti, yenye gramu 50 na kitu, na propela ya inchi 10, inatosha. Angani hamtakanyaga mafuta mpaka mwisho wakati wote. Wastani wa ampea 8 ni wa kweli. Mkitumia asilimia 80 ya betri, mtapata dakika 13. Wekeni saa ilie dakika ya 9.

Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha kila nikilieleza. Injini ya mafuta inavuta hewa ili iunguze. Hewa ikiwa nyepesi, injini inadhoofika. Marubani wa Soroti wanalijua, nao wanaihesabu kila mchana wa joto. Mota ya umeme haipumui. Volti zake ni zile zile pwani na mlimani. Kinachopungua hapa ni mshiko wa propela kwenye hewa: kwa mizunguko ile ile inasukuma kidogo, na pia inakula umeme kidogo. Maana yake mna akiba ambayo mwenzenu wa Mombasa hana, na mnaweza kuitumia kwa propela kubwa kidogo. Lakini kidogo kweli! Mzigo wa propela unapanda kwa upana wake uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tano. Kutoka inchi 10 kwenda 11 mzigo unaongezeka kama asilimia 60, na hewa yetu nyepesi inafidia 18 tu. Kwa hiyo bakini kwenye 10, ongezeni kwanza mwinamo wa propela, na kila badiliko mlipime kwa mita ya wati. Kama hamna mita ya wati, iguseni mota baada ya dakika moja ya nguvu kamili, propela ikiwa imesimama na betri imechomolewa. Ikiwa huwezi kuweka kidole juu yake ukahesabu hadi tano, propela ni kubwa.

Mizani ile ile ya jikoni itawapimia msukumo pia. Ndege isimamishwe mkia chini juu ya mizani, pua juu, ifungwe vizuri, mwenye nywele ndefu asogee mbali. Someni uzito kabla, someni mota ikiwa imewashwa; tofauti ndiyo msukumo. Mkipata gramu 600 kwa ndege ya 900, mko salama.

Betri za kompyuta za mkononi. Nilijua zitaulizwa, na nimeona mfuko wake pale chini ya meza. Seli zile za duara zina gramu 45 hivi kila moja, na nyingi hazikutengenezwa kutoa mkondo mkubwa. Sita, tatu kwa mfululizo na jozi mbili sambamba, ni gramu 270, na mkizidai ampea 16 zitapata joto na volti zitaporomoka ndege ikiwa inapanda. Zitumieni kwa taa, kwa redio, kwa kujaribia servo mezani. Angani tafuteni "lipo", yaani ile betri ya lithiamu polima. Na atakayetoka Kampala au Nairobi kwa ndege ya abiria aibebe kwenye mkoba wa mkononi, asiitie kwenye mzigo wa chini. Yetu ina wati-saa 24, na kikomo cha kawaida cha mkononi ni 100.

Lipo ni moto uliolala. Seli ikijaa ni volti 4.2, haipiti hapo. Isishuke chini ya 3.5 ikiwa imepumzika. Ikikaa bila kazi iwe 3.8, isihifadhiwe imejaa, wala chini ya bati la jua la Machi. Ichajiwe kwa ampea 2.2, mtu akiwepo, ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini. Chaja za aina hii hukubali pia betri ya gari ya volti 12, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haisimami. Betri iliyovimba msiitoboe. Nawasihi kama baba yenu: yule anayechaji asiende kulala.

Kuhusu ramani sitakaa sana. Michoro ya pande tatu ya Caravan inapatikana. Chukueni iliyo na vipimo, pigeni miraba, na mchore kwa mkono kwenye karatasi ya kaki, au mtu aipeleke Nasser Road kule Kampala ichapwe saizi kamili. Chapa ikitoka, pimeni mstari mmoja kwa rula kabla ya kuondoka dukani. Wenye ramani ya mbao waliyoipunguza kwa fotokopi wawe macho na jambo moja: kila kitu kinapungua, hata unene. Ubao wa milimita 3 kwa asilimia 75 unakuwa 2.25, na hakuna anayeuza ubao wa 2.25. Nafasi zote za kuchomeka lazima zichorwe upya kwa unene mlio nao.

Umbo la bawa msiliige la ndege kubwa. Kwa bawa jembamba kama letu hewa inakuwa kama uji, haipendi kufuata mikunjo mikali. Tumieni Clark Y, ya mwaka 1922, chini karibu tambarare, unene kama asilimia 12 ya upana wake. Inajengeka juu ya meza ya kawaida. Ncha za bawa zipindeni kidogo ukingo wa nyuma ukielekea juu, nyuzi mbili tu, ili katikati ya bawa iachie hewa kwanza na ncha ziendelee kushika. Hizo nyuzi mbili ndizo ambazo ndege ya mwanangu haikuwa nazo. Mkia wa ulalo uongezeni asilimia 10 kuliko skeli. Hakuna atakayeona, na ndege itatulia. Kitovu cha uzito kiwe kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa upana wetu wa wastani, karibu sentimita 13 na nusu, ni kama sentimita 3.8. Vidole viwili chini ya bawa hapo, ndege ikae sawa au iinamishe pua kidogo. Ikiinamisha mkia, isiondoke ardhini.

Fito za kusukumia servo ni spoku za baiskeli. Miguu ya magurudumu ni spoku nene za pikipiki, na mafundi wa bodaboda wanazo za kutosha. Kwa mhimili wa bawa nimeshatumia mianzi iliyopasuliwa na kukaushwa kivulini, nayo ilinipa heshima yake.

Mwisho wa maandalizi ni ruhusa. Uwanja wa ndege wa Arua uko karibu na mji, na hapa tuko karibu na mipaka miwili. Andikeni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, semeni mnajenga nini, uzito gani, mtarusha wapi. Wajulisheni polisi na viongozi wa mtaa. Fanyeni hivyo sasa, mnapochora, ili majibu yakija ndege iwe tayari. Na mtafute uwanja mpana mbali na njia ya ndege, mrushe asubuhi. Saa moja asubuhi, joto likiwa nyuzi 20, hewa ni nzito kwa asilimia tatu kuliko mchana, upepo umelala, na mwewe hawajaanza kupanda. Mwewe huichukia ndege ndogo. Nimeona mmoja akiishukia kwa makucha.

Nimeleta karatasi tatu za foamubodi, A1 zote, kutoka maduka matatu tofauti. Sijaandika uzito wake popote. Mwalimu, naomba ile meza isogezwe hapa kwenye mwanga, na mizani iwekwe sifuri. Wewe binti uliyeuliza habari ya mhimili, njoo ushike ya kwanza. Mmoja aandike ubaoni, na wengine mgawanye kwa nusu mita ya mraba, kisha mniambie ni ipi itakayokuwa bawa.